Jino la Kusukia Mkeka

Mama yule alitaka jino ili amalize mkeka. Mimi nilidhani analitaka ili acheke vizuri harusini kwa binti yake. Tulizungumza juu ya jino hilo hilo moja tangu mwisho wa masika hadi kiangazi kukolea, kila mmoja akiwa na lake kichwani, na katika kutoelewana huko nilinoa meno mawili mazima ambayo hayataota tena.

Natibu meno hapa Kasongo, katika chumba kimoja nyuma ya soko, chenye kiti kinachopandishwa kwa kukanyaga pedali na taa inayotegemea jua la jana. Kazi yangu kubwa ni kung'oa. Watu hufika kwangu jino likishawatesa wiki tatu, wamelipaka kila kitu wanachokijua, wamechoka kulia, na neno lao ni moja: toa. Natoa. Lakini nilikwenda Bukavu kujifunza kutengeneza meno yasiyotoka, yale ambayo mtu hayalazi kwenye kikombe cha maji usiku, na nilirudi na kichwa kilichovimba. Niliamini kwamba kabla ya mwaka kwisha Kasongo nzima itakuwa inacheka kwa kazi ya mikono yangu.

Nilirudi pia na fomu. Ilikuwa na maswali ishirini na sita, nami niliipenda kuliko vifaa vyote. Walimu wangu walinifundisha kwamba jino la kudumu haliharibikii mdomoni, linaharibikia kwenye mazungumzo ambayo hayakufanyika kabla ya kulitengeneza. Nililishika neno hilo kwa nguvu zote. Yeyote aliyetaka jino la kudumu ilimbidi anijibu kwanza kama ana kisukari, kama presha yake inapanda, kama damu yake inachelewa kuganda akijikata, dawa gani anameza, kama anasaga meno usingizini, kama anafungua chupa kwa meno, kama anatafuna mifupa. Swali la mwisho lilikuwa la kazi. Jibu lake niliandika haraka haraka kila mara, kwa sababu lilikuwa lile lile.

Mama alitoka Wamaza, upande wa Kabambare. Kwa umri angeweza kunizaa. Pikipiki iliyompakia na gunia la mchele iliteleza kwenye matope, gunia likamwangukia mgongoni, na yeye akaangukia mdomo. Jino moja la mbele la juu, la upande wa kushoto, lilibaki kule njiani. Alisubiri miezi mitatu kidonda kipone, kisha akaja na binti yake wa mwisho, msichana mrefu aliyekuwa akijibu kila kitu kabla mama yake hajafungua kinywa.

"Dokta, nataka jino mbele ya ndoa ya huyu mutoto," mama alisema. "Watu wanasema unawekaka jino isiyotoka."

"Ndiyo, mama. Ndoa ni lini?"

"Kisha mavuno ya mupunga, wakati barabara itakauka," binti alijibu.

Nilifurahi hadi nikaona aibu. Wengine waliishia kwenye maswali; huyu angekuwa mtu wa kwanza kutengenezewa. Nilimketisha, nikachukua fomu yangu, nikaanza. Kisukari hana. Presha nikaipima mwenyewe, mara mbili, ikawa nzuri kuliko yangu. Chupa hafungui, na swali hilo lilimchekesha mpaka akaziba mdomo kwa kitenge. Mifupa anawaachia wenye meno yote. Kazi?

"Mulimaji," alisema.

Nikaandika mkulima, kama nilivyowaandikia wote, nikapita.

Kisha nikamwangalia mdomo, na hapa nasema bila kujisifu kwamba niliangalia vizuri. Nilipima ufizi kuzunguka kila jino kwa kile kijiti chembamba chenye alama, nikitazama kama unatoa damu. Kulikuwa na ukoko nyuma ya meno ya chini, nikausafisha, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu hujengi juu ya ufizi unaovuja. Alirudi, ufizi umekaza. Niligonga kila jino kwa mpini wa kioo changu kusikiliza kama kuna linalouma. Niliyatikisa kwa vidole. Nilimpiga picha ya eksirei kuona mizizi imezama kiasi gani kwenye mfupa. Nilimwambia afunge mdomo, afungue, asogeze taya kulia, kushoto, huku nimemwekea karatasi ya rangi katikati ya meno ili nione yanakutana wapi.

Jino la kudumu la namna yake linaitwa daraja, na jina hilo lilimridhisha kuliko maelezo yangu yote. Meno mawili yaliyo jirani na pengo hupunguzwa pande zote mpaka yawe vigingi vidogo, kila kimoja kinavishwa kofia, na kofia hizo mbili zinabeba jino la bandia katikati yake. Vyote vitatu ni kitu kimoja, vinagandishwa kwa saruji ya meno. Kwa hiyo jino lililokwenda linarudishwa kwa gharama ya mawili ambayo hayakuwa na kosa. Gamba gumu la jino ukishalinoa halirudi. Nilimweleza, akakubali kwa kichwa, na mimi nikachukua kukubali kwake kama ushindi.

Nilinoa. Nikachukua umbo la meno yake kwa ule unga wangu unaokorogwa kama uji na kuganda mdomoni, nikamimina plasta, nikapata meno yake meupe ya mezani. Fundi wangu yuko Bukavu, mtu mpole anayepaka rangi meno kama vile anapika chai, akionja kila hatua. Sanduku liliondoka na dereva ninayemwamini. Mama akarudi kwao na daraja la muda la plastiki, nami nikamwonya ale laini.

Daraja lilipofika lilikuwa zuri kupita kiasi. Fundi alilifanya lote kwa udongo mweupe wa kauri, bila chuma hata kidogo, maana nilimwambia ni la harusi. Mwanga ulipita kwenye ncha zake kama unavyopita kwenye jino la mtu. Niligandisha, nikampa mama kioo. Alijitazama, akapitisha ulimi, akagusa ncha ya jino kwa ukucha wa kidole gumba, akagusa tena.

"Iko nguvu?" aliuliza.

"Iko, mama."

Binti alipiga makofi. Mimi nilifunga chumba mapema siku ile nikaenda kutembea sokoni bila haja yoyote, nikisalimia watu.

Baada ya wiki tatu nilimwona mama kwenye benchi la nje, mdomo ameufumba, kitenge kimefungwa fundo pembeni. Alilifungua fundo. Daraja lilikuwa ndani, limekatika kofia moja, na jino la katikati limevunjika ncha.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakiri. Ndugu zangu wanaijua na mke wangu anaijua zaidi. Nilisahau kwamba ninaongea na mtu mzima.

"Mama, umetafuna nini? Mufupa? Nilikuuliza ukasema hapana."

"Sikutafuna kitu, dokta. Nilikula wali na majani ya sombe tu."

"Wali haivunji hii kitu."

Alitazama vidole vyake. Nilimwambia anadanganya, si kwa neno hilo, lakini kwa maneno yaliyokaa karibu nalo sana, na akalisikia. Nikasafisha vile vigingi viwili, nikavifunika kwa plastiki ya muda, naye akaondoka bila kuaga. Nilipokuwa nikiosha vifaa, ndipo nilipoona nilichokifanya. Meno mawili mazima niliyanoa mimi. Kama sitajua kilichovunja daraja, la pili litavunjika vile vile, na vigingi vikioza chini ya plastiki, mama aliyekuja na pengo moja atakuwa na mapengo matatu. Fomu ilikuwa mezani, maswali ishirini na sita, yote yamejibiwa kwa mwandiko wangu mzuri. Niliisoma mara mbili na haikuniambia kitu.

Kila mwezi naenda Kabambare kuangalia wagonjwa. Mwezi ule nilimaliza mapema, nikamwambia mwenye pikipiki aongeze safari hadi Wamaza. Barabara ilikuwa imeanza kukauka lakini si kwa usawa. Tulishuka mara nyingi kusukuma, na mara moja nilisukuma peke yangu huku yeye akinipa maelekezo. Njiani nilikuwa nikipanga jinsi ya kuomba radhi bila kuonekana naomba radhi. Ni ufundi ambao sijawahi kuuweza.

Niliwakuta mama na binti nyuma ya nyumba, kivulini mwa ukuta. Mama alikuwa ameketi miguu imenyooshwa na mkeka umemlalia mapajani, mpana, umekunjwa upande uliokwisha. Mkono wa kulia ulikuwa unabana msuko, wa kushoto unapitisha jani la rafia chini na juu. Jani la pili alikuwa amelishika kwa meno, upande wa kulia, kwa shida, kichwa kimepinda. Alilivuta. Jani likapasuka vibaya, upande mmoja mpana, mwingine kama uzi. Akalitema, akachukua lingine.

Nilisimama pale na helmeti mkononi.

"Mama," nilisema, "unasukaka na meno?"

"Karibu, dokta," alisema kwanza, maana kuna utaratibu. Binti aliniletea kiti. Kisha mama akacheka, na hakuziba mdomo. "Sasa mikono iko ngapi? Mbili iko na kazi. Ya tatu nitatoa wapi?"

"Ju ya nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nilikuuliza kazi yako."

"Kazi yangu ni shamba. Hii siyo kazi. Hii ni mukeka tu."

Alisema kweli kabisa. Katika nyumba ngapi za upande huu nimeketi juu ya mkeka wa mama mwenye nyumba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba kazi yake ni kusuka. Kazi ni jembe. Mkeka unasukwa mtu akipumzika na kazi.

Binti alinieleza yaliyobaki, kwa sababu mama yake aliona haya. Katika ukoo wao kila msichana anaondoka nyumbani na mkeka uliosukwa na mama yake mzazi, mpana wa kulaliwa na watu wawili, na haununuliwi. Dada zake wawili walikwisha kwenda na ya kwao. Huu wa tatu ulikuwa umefika katikati ile siku ya pikipiki. Jani la rafia lazima lipasuliwe kwa upana mmoja, na mama aliyapasua kwa lile jino la mbele la kushoto tangu alipofundishwa na mama yake, akiwa mdogo kuliko binti huyu. Bila jino hilo majani yanatoka makubwa na madogo, na mkeka unavimba.

"Kwa hiyo jino siyo ya kucheka," nilisema.

"Ya kucheka pia," mama alisema. "Lakini mbele, mukeka; kucheka kisha."

Hapo nilifanya kosa langu la mwisho katika habari hii. Nilimwambia, kwa sauti ya daktari, kwamba basi ajaribu kusuka bila meno, atumie kisu kidogo, kwa sababu jino la bandia si la kazi hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, bila ukali, "Basi usisumbuke nayo, mutoto wangu. Jino isiyofanya kazi, nitaipeleka wapi?"

Tangu siku ile sikuwa tena dokta kwake, na sijui kama nilishushwa cheo au nilipandishwa.

Nilimwomba aendelee kusuka nimtazame. Nilipiga magoti mbele yake kama ninavyokaa mbele ya mgonjwa, nikamtazama mdomo ukiwa kazini, na naona aibu kusema kwamba sikuwahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote. Nikaona alivyokuwa akilivuta jani: si chini moja kwa moja, bali kwa pembeni, kushoto na kwa nje, kwa mkono wenye nguvu za shamba. Daraja langu lilijengwa kwa wali na sombe. Uvutaji ule uliling'oa kwa upande ambao karatasi yangu ya rangi haikuuonyesha hata kidogo. Upande huo wa kushoto, jino jirani nililolivisha kofia lilikuwa lile dogo la pili, lenye mzizi mwembamba. Linalofuata ni chonge, na chonge lina mzizi mrefu kuliko meno yote ya mbele.

Nilimweleza, na safari hii nilisubiri. Nikilishirikisha chonge, daraja litasimama kwa nguzo tatu badala ya mbili. Lakini itanibidi kulinoa, nalo ni zima, na halitarudi. Sikumtaka akubali kwa kichwa. Nilimtaka aniulize, naye akaniuliza maswali mengi, mengine yakanikwaza, kwa mfano kama ninalinoa kwa sababu yake au kwa sababu ya aibu yangu. Nilijibu kwamba ni kwa yote mawili. Jibu hilo lilimpendeza. Tukakubaliana pia kwamba atakuwa anapasua jani kwa upande wa kulia, kwenye meno yake mwenyewe, na daraja litashika tu. Alijaribu mbele yangu. Lilimtoka vibaya, akalaani kidogo, akajaribu tena.

Nilirudi Kasongo na majani matano ya rafia mfukoni. Alipokuja kunolewa chonge nilimwambia alishike jani kwa meno juu ya lile daraja la muda, alivute kidogo tu, nami nikachora kwa kalamu kwenye meno ya plasta njia yote ambayo jani linapita. Sanduku la Bukavu liliondoka likiwa na meno ya plasta, alama za kalamu, na majani mawili.

Fundi alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. "Umenitumia majani. Nifanye nayo nini, nichemushe?"

Nilimpigia, nikamsimulia. Aliniuliza jani linavutwa upande gani, nikamwambia.

"Nitaweka chuma mugongoni," alisema. "Udongo mweupe mbele tu, ya kuonekana. Na ncha nitaifupisha kidogo, isipokee ile kuvuta. Haitakuwa nzuri kama ya kwanza."

"Iwe mbaya," nilisema. "Isimame."

Daraja halikuwa baya. Lilikuwa nene kidogo, na ukitazama kwa karibu ncha yake ni fupi kwa unene wa ukucha. Siku ya kuligandisha nilikausha vile vigingi vitatu kwa pamba mara nne, mate yasiguse saruji, nikabonyeza, nikamwambia ang'ate pamba na asiseme neno. Ilikuwa ni mara ya kwanza binti naye kukaa kimya. Mama alitoa jani la rafia kwenye kitenge chake, akaninyooshea.

"Kesho," nilimwambia. "Saruji ikomae."

Alilala kwa jamaa zake hapa mjini. Asubuhi nilimkuta mlangoni kabla yangu. Alishika jani kwa meno, akavuta kwa kushoto na kwa nje, kama nilivyomwona nyumbani kwake. Nilikuwa nimeshika kiti. Jani lilinyooka, likabaki hapo hapo. Akalihamishia kulia, akalipasua. Lilitoka sawa, pande zote mbili.

"Iko," alisema, na akaondoka kuwahi pikipiki.

Fomu yangu sasa ina maswali ishirini na saba. Baada ya kazi nauliza: na meno yako yanafanyaka kazi gani? Watu hucheka kwanza. Kisha mshonaji ananiambia anakata uzi, mwenye pikipiki anamenya waya, na yule mpole kuliko wote, mwalimu wa chekechea, akaniambia anabana pini sita kwa wakati mmoja akitundika michoro ya watoto.

Harusini nilialikwa, nikaenda. Wamaza ilikuwa kavu, vumbi tupu. Mama alikuwa akicheka mbele za watu wote, mdomo wazi, na ninasema wazi kwamba nilisikia fahari. Kabla binti hajaondoka, mkeka ulikunjuliwa uani ili ndugu wauone. Ulikuwa mpana, na kutoka mbali ulikuwa na mistari ambayo si ya rangi. Mama aliniita nije karibu, akaniinamisha, akaushika mkono wangu na kuupitisha juu yake.

"Hapa ni mbele ya kuanguka," alisema. Palikuwa laini. "Hapa sina jino." Pakakwaruza, majani makubwa na madogo. "Hapa jino yako ya kwanza." Pakawa laini tena, upana wa viganja viwili. "Hapa imevunjika."

"Ju ya nini hukufumua, mama?"

"Nimufichie nini? Mutoto atalala hapa juu. Ajue."

Mstari ule wa mwisho uliokwaruza ulikuwa mwembamba, vidole vinne, na ulikuwa wangu. Mama aliuachia mkono wangu hapo, akasimama kuwapokea wageni. Nikaendelea peke yangu, nikiwa nimeinama na viatu vyangu mkononi, nikapapasa mkeka mpaka ukingoni, na sikukuta tena mahali palipokwaruza.